Kipimo cha Kiuno

Hoteli ya ng'ambo, Manda, ilifungwa mwezi wa Rajabu.
Famau, aliyekuwa mweka stoo, akabaki na funguo,
friji mbili zisizogandisha, na kayaki tatu
zimelazwa kifudifudi chini ya makuti
kama wanafunzi wanaongoja fimbo.
"Chagua, fundi. Zote plastiki,
hazitaki kalafati wala sifa."
Kisha akazimwagia sifa hadi zikachuruzika.

Nikatoa futikamba shingoni. Akacheka.
Acha acheke. Miaka thelathini na moja
napima watu pale Langoni,
najua mteja anavyolidanganya tumbo lake,
na kitambaa nacho kinavyodanganya.

Ya kwanza, ya rangi ya chungwa, ya watu wawili.
Wa pili nani? Mwanamtama hapandi boti ya Mokowe
bila Ayatul Kursi mara tatu
na mfuko wa kutapikia mkononi.
Nikaipita.

Ya pili bapa, mtu hukalia juu, miguu nje,
ina vitundu, maji hujitoa yenyewe.
"Kizuri chajiuza," akasema Famau, huku akikiuza.
"Ukipinduka waipanda tena, kama punda."
Kweli. Na kweli sikubishana nayo.
Ila goti langu la kushoto haliupendi umande,
na nimekaa juu ya vitu umri wangu wote:
kigoda, kiti, benchi la mahakama ya kadhi.

Ya tatu ndogo, kijani cha jani la mkandaa,
tundu katikati, ukingo umeliwa na jua.
Omo hadi tezi, futi nane na inchi nne.
Daka la nyumba yangu, futi tisa kasoro.
Moyo ukaruka. Nikauficha,
maana bei ina masikio.

Upana wa tundu, inchi kumi na tisa.
Nikajipima nyonga mbele yake bila haya,
nikaongeza inchi ya pumzi
kama niongezavyo kwenye kanzu ya bwana harusi
kwa kuwa pilau haijaliwa bado.

Nikaingia, na papo hapo nikajua nimevaa.
Kikoi kigumu, kutoka kiunoni hadi vidoleni,
na mle gizani nyayo zikakuta vikanyagio viwili,
zikaanza kazi zenyewe, tapu, tapu, tapu,
zikishona nisichokiona.

Nikamsomea Famau aibu zake moja moja:
ufa wa urefu wa kidole huku tezini;
ndoo ya chambo haina pa kukaa;
na ikijaa maji ni birika,
nitaikumba kwa kopo nikielea pembeni
nikimwomba Mola na mpita njia yeyote.
Hakubisha. Tukamalizana kwa elfu kumi na nane
na kanzu mbili, moja ya mwanawe, ya darizi, kabla ya Idi.

Punda wa Shebwana aliibeba kwa ubavu
na njia nzima ikaziba:
huku sinia la mahamri, kule mgonjwa na machela,
kila mtu akitoa shauri, hakuna anayerudi nyuma.
Mwanamtama akafungua mlango, akaitazama.
"Bafu hili, na maji yatatoka wapi?"

Ufa nimeuziba kwa lami. Plastiki haishoneki,
nilijaribu, sindano mbili zikavunjika.

Alhamisi maji yakijaa nikaingia mkononi, kwenye mikandaa,
kifua changu na bahari usawa mmoja.
Mkizi akaruka, nikamwona tumbo kwa chini,
jambo ambalo fundi nguo hatarajii maishani.
Nikatupa mshipi. Chubwi ikaenda, ikakaa.
Muda mrefu hapakuwa na kitu, na sikukitaka.

Kisha chewa, mnene kama mkono wa mtoto wa tajiri.
Nikamtia humo humo ndani, pengine hapakuwapo,
akateleza gizani hadi chini ya goti bovu.
Tukarudi hivyo, wawili katika vazi moja,
mimi napiga kafi polepole,
yeye, kwa mkia wake wa baridi,
ananipima paja, anarudia, ananipima tena.